Mwongozo wa Kupanga Ukarabati wa Bafu: Anza na Maji, Kisha Marumaru

Watu wanaotaka kukarabati bafu huuliza karibu maswali yale yale: nianze na nini, ninunue katoni ngapi za marumaru, kwa nini maji yanatuama karibu na mlango, kwa nini bomba la mvua linadondosha matone tu ilhali tangi limejaa. Mengi ya maswali hayo huulizwa kazi ikiwa imefika katikati, wakati jibu lake lilihitajika kabla nyundo haijagusa ukuta. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe unayeishi katika nyumba ya kawaida ya matofali ya saruji, Dar es Salaam au mji mwingine wa pwani, ambayo hupata maji ya bomba au ya kisima kupitia tangi lililoinuliwa, na maji taka yake huishia kwenye tangi la septiki nyuma ya nyumba.

Msimamo wangu ni mmoja, nao unaongoza kila hatua iliyo hapa chini: raha ya bafu huamuliwa na vitu visivyoonekana, yaani mabomba, mteremko, kinga ya unyevu na njia ya hewa. Uzuri wa marumaru na koki hudumu pale tu ambapo vitu hivyo vimekaa sawa, na kwa hiyo fedha na muda wako viende huko kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Futikamba ya mita 5, pimamaji, karatasi ya miraba na penseli.
- Ndoo ya lita 10 na saa, kwa ajili ya kupima kasi ya maji.
- Simu yenye kamera na daftari moja litakalotumika kwa kazi hii peke yake.
- Fundi bomba, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na fundi wa marumaru. Mtu mmoja anayesema anaweza yote matatu akuonyeshe kazi zake za kila aina, si za aina moja.
- Mahali pengine ambapo familia itaoga na kujisaidia wakati wote wa kazi. Kama nyumba ina choo kimoja tu, elewana na jirani au jenga choo cha muda kabla ya kubomoa chochote.

Hatua

1. Orodhesha watumiaji na kero zao. Andika nani anaoga humo, saa ngapi, na kila mmoja anasumbuliwa na nini. Mzee mwenye magoti mabovu anahitaji choo cha kukaa chenye kiti cha juu kidogo, karibu sentimita 45 kutoka sakafuni, pamoja na vyuma vya kushikilia vilivyofungwa ukutani kwa skrubu na plagi imara za ukutani. Mahali pa vyuma hivyo pajulikane sasa ili fundi asipitishe bomba hapo. Mtoto anayeogeshwa kwenye beseni, na mtu yeyote anayependa kuoga kwa ndoo, anahitaji koki ya chini, hata kama utafunga bomba la mvua la kisasa kabisa. Watu wengi huiondoa koki hiyo ili bafu lifanane na picha, kisha siku umeme unapokatika na pampu kusimama hawana pa kutekea maji. Iache.

2. Pima chumba na ukichore. Pima kila ukuta katika sehemu tatu, chini, katikati na juu, kwa sababu kuta nyingi hazikunyooka, na utumie kipimo kilicho kifupi zaidi. Chora kwa uwiano ambao sentimita 5 kwenye karatasi ni mita 1 ya chumba. Onyesha mlango na upande unaofungukia, dirisha, nguzo, tundu la choo, mahali maji yanapoingilia na yanapotokea.

Kisha panga vifaa kwa vipimo hivi: eneo la kuogea lisipungue sentimita 90 kwa 90; mbele ya choo kubaki nafasi ya sentimita 60; kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa pembeni ziwe sentimita 40. Eneo la kuogea likae mbali na mlango, choo kikae kati au pembeni, na sinki la kunawia liwe karibu na mlango ili anayenawa mikono asilazimike kukanyaga majimaji. Ikiwezekana, mlango ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mlango unaofungukia ndani huzuiwa na mwili wake na waokoaji hushindwa kuingia.

Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani choo hakielekezwi kibla wala kukipa mgongo. Kwa Dar es Salaam kibla iko karibu kaskazini moja kwa moja, hivyo choo huelekezwa mashariki au magharibi. Kama choo cha zamani hakikuzingatia jambo hilo na unataka kukigeuza, bomba la inchi 4 litahama pia, na gharama hiyo iingie kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

3. Chunguza maji yanayoingia na yanayotoka. Hapa ndipo mipango mingi huharibikia, kwa hiyo usiharakishe.

Anza na presha. Maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi hupata takriban baa 0.1 kwa kila mita 1 ya kimo. Kama kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya kichwa cha bomba la mvua, presha yako ni baa 0.3 tu, na vile vichwa vipana vya mvua vinavyovutia dukani huhitaji zaidi ya hapo. Soma kipimo kilichoandikwa kwenye boksi. Ikiwa presha haitoshi, njia ni tatu: kuinua mnara wa tangi, kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha, au kuchagua kichwa kidogo kinachofanya kazi kwa presha ndogo. Njia ya tatu ndiyo nafuu na haitegemei umeme.

Pima pia kasi. Fungua koki ya bafuni yote, ukinge ndoo ya lita 10 na uangalie saa. Ikijaa ndani ya dakika moja, una maji ya kutosha kuogea kwa raha. Ikichukua dakika mbili au zaidi, tafuta sababu kabla ya kununua chochote, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni bomba jembamba la nusu inchi linalotoka kwenye tangi na kuhudumia nyumba nzima, au bomba la zamani la chuma lililoziba kwa kutu.

Onja maji. Visima vingi vya Dar es Salaam na pwani vina chumvi, na chumvi huziba vitundu vya bomba la mvua, huacha madoa meupe kwenye vioo na kula koki za bei rahisi. Mwenye maji ya aina hiyo anunue koki za shaba nyeupe zilizo nzito mkononi, aepuke zile nyepesi zilizopakwa mng'aro juu juu, na asiweke sakafu nyeusi, kwa sababu kila tone likikauka juu yake litaacha alama.

Mwisho, fungua chemba iliyo nje, mwombe mtu amwage ndoo nzima chooni, na uangalie jinsi maji yanavyofika. Yakija kwa kusitasita, au chemba ikiwa imejaa maji yaliyosimama, tatizo liko kwenye bomba la nje au tangi la septiki, na bafu jipya halitaliondoa.

4. Chagua na ununue vifaa kabla ya kubomoa. Fundi hawezi kuweka bomba mahali sahihi bila kujua kifaa kitakachofungwa. Vyoo vya kukaa viko vya aina mbili kuu: vinavyotolea uchafu chini sakafuni na vinavyotolea nyuma ukutani. Pima umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la bomba lililopo, kisha nunua choo kinacholingana. Umbali huo huhesabiwa kutoka kwenye ukuta *uliokamilika*. Plasta, gundi na marumaru kwa pamoja vinaweza kula sentimita 3, na fundi aliyepima kutoka kwenye tofali tupu atakuta tangi la choo haliingii.

Amua pia kuhusu maji ya moto. Bomba la mvua la umeme linalochemsha maji papo hapo lenye wati 5,500 huvuta karibu ampea 24 kwa umeme wa volti 230. Mzigo huo hauwezi kuunganishwa kwenye waya wa taa au soketi. Unahitaji laini yake pekee kutoka kwenye mita, kwa kawaida waya wa milimita za mraba 6 na breka ya ampea 32, pamoja na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) inayofanya kazi na kifaa cha kukata umeme kinapotokea mvujo wa miliampea 30. Ukiwa na maji ya chumvi, chagua modeli ambayo muuzaji amethibitisha inafaa kwa maji hayo, kwa sababu katika maji ya chumvi elementi (kipashio cha maji) za kawaida huungua upesi, na chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Kwenye jambo hili usikubali ujanja wa fundi wala punguzo la bei.

5. Hesabu marumaru. Chukua mfano wa bafu la mita 1.5 kwa 2.4. Sakafu ni mita za mraba 3.6. Mzunguko wa kuta ni mita 7.8, ukipandisha marumaru hadi mita 2.1, unapata 16.38. Toa mlango wa sentimita 80 kwa mita 2.1, ambao ni 1.68, na dirisha la sentimita 60 kwa 60, ambalo ni 0.36, zinabaki 14.34. Ongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika: ukuta karibu mita za mraba 16, sakafu karibu 4. Kama katoni ya ukutani inafunika mita za mraba 1.44, unahitaji katoni 12.

Nunua zote kwa pamoja na uhakikishe namba ya toleo na ya rangi iliyochapwa kwenye kila katoni ni moja. Marumaru za jina lile lile zilizotoka kiwandani kwa nyakati tofauti huweza kutofautiana rangi, na tofauti hiyo utaigundua ukutani, si dukani. Bakiza nusu katoni stoo kwa matengenezo ya baadaye.

Kuhusu mtindo, nitasema machache. Sakafu iwe na uso usioteleza hata ukilowa. Mimina maji juu ya kipande dukani na ukisugue kwa soli ya kandambili ukajionee. Ukutani, vipande vikubwa vya sentimita 30 kwa 60 hupunguza mistari ya kusugua na hufanya chumba kidogo kionekane kipana. Rangi mbili zinatosha, na ya tatu iwe kwa kitu kimoja tu, kama fremu ya kioo. Badala ya rafu za plastiki zinazoning'inia, chimba kidaka ukutani cha kuwekea sabuni na mafuta. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka zilizopambwa kwa chokaa, na katika vyoo vyake vya zamani kulikuwa na birika la maji lililofugwa visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Wazee wetu waliipa sehemu hiyo ya nyumba heshima, nasi tuna mahali pa kuchukulia mfano karibu kuliko picha za mbali. Ukuta wa tofali la inchi 6 unaruhusu kidaka cha kina cha sentimita 8 au 9. Kiwe na mteremko mdogo kuelekea nje ili maji yasikae.

6. Andika bajeti na makubaliano. Gawa bajeti katika mafungu manne: vilivyofichika, marumaru, vifaa, na ufundi. Tenga asilimia 15 kwa ajili ya yale yatakayofichuka baada ya kubomoa. Fedha zikipungua, punguza kwenye vifaa vinavyoweza kubadilishwa baadaye, kama kioo, kabati na kichwa cha bomba la mvua, na usiguse fungu la kwanza. Elewana na fundi kwa maandishi, umlipe kwa hatua: baada ya mabomba kupimwa, baada ya sakafu kujaribiwa kwa maji, baada ya marumaru, na salio baada ya wiki moja ya matumizi.

7. Bomoa. Funga maji na uzime umeme wa bafuni kwenye breka. Ziba tundu la choo kwa gunia au matambara yaliyofungwa vizuri, kwa sababu vipande vya saruji vikitumbukia humo vitakugharimu kufukua bomba zima. Bandua marumaru za zamani zote pamoja na plasta iliyolegea. Kubandika mpya juu ya zilizopo huokoa siku chache, lakini huficha uvujaji na kuinua sakafu juu ya kizingiti.

8. Laza mabomba na nyaya, kisha pima. Bomba la choo liwe la inchi 4 na lishuke karibu sentimita 2 na nusu kwa kila mita hadi kwenye chemba. La maji ya kuogea liwe la inchi 2. Kila njia ya maji machafu iwe na kona inayobakiza maji, kina chake kikiwa karibu sentimita 5, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayozuia harufu na mende. Bomba la kupumulia lipande hadi juu ya paa. Funga koki kuu ya bafu peke yake, mahali panapofikika, ili siku ya matengenezo usikate maji ya nyumba nzima.

Urefu wa kawaida kutoka sakafu iliyokamilika ni huu: kichwa cha bomba la mvua mita 2 hadi 2.1, koki ya kuogea mita 1.1, sinki sentimita 80 hadi 85. Bomba la kujisafishia chooni likae upande wa mkono wa kulia wa anayekaa.

Kabla ya kuziba kuta, jaza mabomba maji kwa presha ya pampu ya mkono na uangalie kipimo kisishuke. Kisha piga picha kila ukuta huku futikamba ikionekana ndani ya picha. Picha hizo zitakuambia mahali pa kutoboa na pa kuepuka miaka mingi baadaye.

9. Weka mteremko na kinga ya unyevu. Sakafu yote ielekee kwenye kitundu cha kutolea maji kwa sentimita 1 kila mita, na eneo la kuogea kwa sentimita 2. Sakafu ya bafu ikae chini ya ile ya korido kwa angalau sentimita 2. Baada ya saruji kukauka, paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, mkono wa pili ukikatiza ule wa kwanza, uipandishe ukutani sentimita 20 pande zote na hadi kimo cha bomba la mvua katika eneo la kuogea. Kwenye pembe, ambako nyufa huanzia, tandaza utepe wa wavu ndani ya mkono wa kwanza.

Ziba kitundu, weka kizuizi mlangoni, jaza maji sentimita 2 hadi 3, weka alama ya kimo ukutani na uyaache saa 24. Angalia chini kwa jirani au dari ya chini kama ni ghorofa, na kuta za vyumba vya pembeni. Mafundi wengi watakwambia jaribio hili halina haja. Lifanye hata hivyo, na usilipe hatua hiyo kabla hujaona matokeo kwa macho yako.

10. Bandika marumaru. Fundi apange vipande bila gundi kwanza, ili vilivyokatwa viangukie nyuma ya mlango na si mbele ya macho ya anayeingia. Gundi itandazwe kwa mwiko wenye meno ienee mgongo mzima wa kipande. Mazoea ya kuweka madonge matano ya saruji nyuma ya marumaru huacha mashimo, maji hukaa humo, na vipande hupasuka unapotoboa. Acha nafasi ya milimita 2 au 3, subiri saa 24, ndipo ujaze grauti. Sakafuni chagua grauti ya kijivu, kwani nyeupe haidumu. Kwenye pembe za kuta na sakafu tumia silikoni badala ya grauti.

11. Funga vifaa, hewa na mwanga. Bafu la mfano wetu lenye kimo cha mita 2.7 lina ujazo wa karibu mita za ujazo 10. Feni ya kutoa hewa inayosukuma mita za ujazo 100 kwa saa itabadilisha hewa yote mara kumi. Dirisha la juu lenye vioo vya kupachika hufanya kazi hiyo bila umeme, mradi lipate upepo. Dari iwe ya plastiki ngumu, kwani jipsamu ya kawaida hunyonya mvuke na kuota ukungu. Taa ya kioo ikae pande mbili za uso. Ikiwa juu tu, hutia kivuli machoni. Swichi ikae nje ya mlango.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Harufu ya maji taka.* Mwaga ndoo ya maji kwenye kitundu cha sakafuni. Ikiisha, maji ya kona yalikuwa yamekauka kwa kutotumika. Ikirudi baada ya kila kumwaga maji chooni, bomba la kupumulia limeziba au halipo, nalo ndilo linalosababisha maji ya kona kunyonywa.

*Maji kutuama.* Dimbwi dogo karibu na kitundu husahihishwa kwa kubandua vipande vichache. Dimbwi karibu na mlango ni kosa la mteremko wote, na silikoni haitaliponya.

*Bomba la mvua limedhoofu ghafla.* Fungua kichwa na ukiloweke kwenye siki usiku mzima. Likiendelea, safisha kichujio cha koki na kile cha tangi.

*Marumaru inatoa mlio wa utupu ikigongwa.* Ikiwa ni moja na haitikisiki, iache. Zikiwa kadhaa pamoja katika eneo la kuogea, zibandue mapema, kwa kuwa maji yameshaanza kuingia nyuma yake.

*Doa la unyevu kwenye ukuta wa chumba cha pili.* Funga koki kuu ya bafu kwa siku tatu bila kuoga humo. Doa likianza kukauka, fungua koki tena, bado bila kuoga: likirudi, linavuja bomba la maji safi, lisiporudi, kosa liko kwenye sakafu au kinga ya unyevu.

*Kuhisi umeme mwilini unapogusa koki wakati wa kuoga.* Toka, zima breka ya hita na usiiwashe tena, hata kama ilikuwa ni msisimko mdogo tu, mpaka fundi umeme apime ethi na elementi.